Kesi ya Jiwe la Boma

Barua ya kwanza maishani mwangu yenye jina langu kamili juu ya bahasha ilikuwa ya kuniita barazani. Sikuwa nimeiba, wala sikuwa nimempiga mtu. Ilisema hivi: “Kuhusu madai yako juu ya Boma. Unatakiwa kufika Jumamosi asubuhi na mashahidi wawili, ueleze kama unadai boma zima au jiwe moja.” Niliisoma mara tatu, kwanza kwa sababu nasoma polepole, pili kwa sababu ilinipendeza. Mtu aliyeishia darasa la nne haandikiwi barua kila siku.

Aliyeiandika tulimwita Mzee wa Mipaka. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hilo mtaniwia radhi. Huku kwetu Muleba mtu akianza habari za ukoo, jua linatua kabla hajafika kwa babu. Nitasema nilichokiona mwenyewe, na nimeona mengi, maana mimi ni mwashi na kazi ya uashi ni kusimama juu ya jukwaa ukitazama mambo ya watu.

Boma lenyewe liko kilimani hapa Kishanda. Ni kuta nne za mawe, halina paa wala mlango, na katikati umeota mti mkubwa kana kwamba ndio mpangaji. Wengine husema Mjerumani alikaa humo, wengine husema ilikuwa ghala, wengine jela. Mimi nasema tu kwamba aliyelijenga alijua kazi. Nimeshusha timazi kwenye kona zake zote nne na sikuona kasoro. Wapo mafundi wa siku hizi wenye vyeti ambao nyumba zao zimeinama kabla ya kuhamiwa.

Sasa, kila mwenye msumari akipanda pale lazima aandike jina. Wanafunzi, wachumba, wauza samaki waliotoka Kemondo kupumzika, wagombea wa udiwani, watu waliorudi Krismasi kutoka Dar es Salaam na magari ya kuazima. Ukiwauliza kwa nini, wanacheka. Mzee wa Mipaka peke yake ndiye aliyekuwa na jibu, na hakucheka.

Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye baraza la ardhi la kijiji. Muda wake uliisha, wakachaguliwa wengine, lakini yeye hakuambiwa, au aliambiwa kupitia sikio la kulia. Sikio hilo halikusikia. Mwenyewe alidai linasikia kila kitu isipokuwa uongo na malalamiko, na kweli mtu akianza kumchosha aligeuza kichwa, akampa la kulia, akaendelea kutafuna kahawa yake. Ile kahawa yetu ya kuchemshwa na kukaushwa aliibeba mfukoni siku zote, na hakuna kesi iliyoanza kabla kila mtu hajapewa punje mbili.

“Mnaona omulamula ule?” alituambia siku moja, akionyesha ule mmea tunaoupanda mipakani. “Mtu anachomeka kijiti usiku, anakwenda kulala. Hakuna anayemuuliza. Kijiti kinaota. Miaka inapita, anakuja mjukuu wake anasema, mpaka ni huu hapa, babu aliupanda. Utamjibu nini? Basi na jina ni hivyo hivyo. Leo unaandika ‘Jovin’, unatabasamu. Kesho kutwa mjukuu wa Jovin ataleta bati aezeke.”

“Lakini, waitu,” mmoja akamwambia kwa heshima, “hawa ni watoto wanacheza.”

“Omulamula nao huwa mdogo.”

Kwa hiyo alikuwa akipanda kilimani na daftari, ananakili majina yote, kisha anayatafuta kwa miguu. Ukipatikana unaandikiwa barua. Baraza lilikaa ndani ya boma, na ingawa mlango haukuwepo, ole wako upite bila kupiga hodi. Ulikaribishwa, ukapewa kahawa, ukaulizwa dai lako. Njia zilikuwa mbili. Ulete mashahidi wawili kwamba jiwe ni lako, au ufute dai kwa kupalilia kuzunguka boma, herufi moja ngwe moja. Ngwe alizipima mwenyewe kwa kamba ya katani yenye mafundo, na kamba ile ilikuwa ndefu kuliko dhambi yako.

Hapo ndipo Wahaya tulipoona kwamba baba zetu walituponza. Kijana mmoja wa Kiislamu kutoka Bukoba mjini, anaitwa Ali, alipalilia ngwe tatu, akanawa mikono, akawahi basi. Mutayabarwa aliyeandika siku hiyo hiyo, kwa msumari huo huo, alikuwa bado ameinama Jumatatu. Watu wakanung'unika kwamba baraza lina upendeleo wa dini.

“Kamlalamikieni aliyewapa majina,” Mzee akasema. “Mimi nahesabu tu.”

Kulikuwa na msomi mmoja, wa wale tunaowaita nshomile, aliyeandika jina lake na kutanguliza “Dr.” Mzee alihesabu jina, akarudi akahesabu na hizo herufi mbili, halafu akaongeza ngwe moja ya nukta. Msomi akatoa Kiingereza kirefu kama treni. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa Kihaya, na sitayarudia hapa kwa sababu habari hii huenda ikasikiwa na wajukuu. Msomi akavua viatu. Alilima vizuri, haki yake nimpe. Ila ndiye mtu pekee aliyeomba apewe hati ya kuthibitisha kwamba amepalilia, yenye cheo chake.

Na kulikuwa na huyo Jovin. Aliandika “Jovin na Jesca” akawazungushia moyo. Barua ikatumwa nyumbani kwa Jovin, ikapokelewa na mke wake, na mke wake haitwi Jesca. Jumamosi walikuja wote wawili, mke akiwa mbele.

“Ta Jovin,” Mzee akaanza kwa upole, na “Ta” yetu ya heshima mbele, “baraza lingependa kujua. Huyu Jesca amepakana na wewe upande gani?”

“Waitu, hilo ni jina tu, nilikuwa najaribu msumari.”

“Ulimjaribu Jesca au msumari?” mke akauliza.

Mzee akampa Jovin sikio la kulia. Jovin alipalilia ngwe zake tano na za Jesca tano, na mke alikaa juu ya jiwe akikagua kila shina la nyasi. Hakijapata kulimwa tena vizuri namna ile, kilima kile.

Msidhani lakini kwamba mzee huyu alikuwa mtu wa kunyooka kama kuta zake. Mipaka ya kijiji kizima aliilinda, na ya kwake ikaliwa. Jirani yake alisogeza migomba safu moja, ikawa mbili, ikawa tatu, na Mzee anamsalimia kila asubuhi. Nilimwambia amshitaki. Akasema, “Nitamshitaki kwa nani? Nikiwa mlalamikaji, hakimu atakuwa nani?” Nikamwambia lipo baraza jipya. Akacheka mpaka kahawa ikamtoka mdomoni.

Jambo la pili. Mtu huyu aliyechukia majina ukutani aliweka alama kwenye kila alichonacho. Kikombe chake, kigoda chake, mwavuli na mpini wa jembe vyote vilifungwa uzi mwekundu. Hata kuku wake walitembea na uzi mwekundu mguuni kama wanakwenda harusini.

“Mzee,” nilimwambia, “mbona alama ya kikombe haina kesi?”

“Kikombe nilinunua. Wewe boma ulinunua?”

Ndiyo, maana na mimi nilikuwa mshitakiwa. Turudi kwenye barua yangu.

Jina langu, Muganyizi, limechongwa kwenye jiwe la kona ya mashariki ya boma, karibu na ardhi, kwa sababu nilikuwa mfupi. Nililichonga siku niliyotolewa shule. Baba alikuwa amefariki, mama akasema kalamu haichimbi muhogo, kesho nitamfuata mjomba kwenye mawe. Nilikuwa najua kuandika vitu vichache, na nilichokijua vizuri kabisa kilikuwa jina langu. Nikaona nitakwenda kulisahau. Nikapanda kilimani, nikaliandika mahali ambapo mvua haifuti. Ndiyo hivyo tu. Nilipofika barazani, tayari nikiwa fundi mkubwa mwenye vibarua wangu, nilisema wazi:

“Nadai jiwe moja.”

“Mashahidi?”

“Sina. Nilikuwa peke yangu.”

“Basi futa dai. Ngwe tisa.”

“Mimi silimi ngwe. Nitaleta vibarua wawili, watamaliza kabla ya saa nne.”

“Vibarua ndio walioandika?”

“Waitu, nimesema silimi.”

“Na mimi nimesikia.” Akaandika kwenye daftari. “Kesi ya Ta Fundi iko wazi.”

Ikawa wazi miaka na miaka. Nikikutana naye sokoni, “Ta Fundi, kesi yako iko wazi.” Kwenye msiba, mbele ya jeneza, ananinong'oneza hivyo hivyo. Siku nilipomwoza binti yangu wa mwisho, alisimama kutoa nasaha kwa maharusi, akasema mengi mazuri kuhusu ndoa, kisha akamalizia, “Na baba wa bibi harusi akumbuke kesi yake iko wazi.” Wageni kutoka Bukoba wakaanza kuulizana nimeua nani.

Kwa nini sikupalilia yakaisha? Kwa sababu nimejenga nyumba kuanzia Kemondo mpaka huku ndani, nimejenga madarasa ambayo sikuruhusiwa kukaa ndani yake, nimejenga makanisa mawili na msikiti. Nendeni mkaangalie. Mtakuta jina la mwenye nyumba, jina la mgeni rasmi, jina la aliyekata utepe. Jina la fundi husahaulika kabla plasta haijakauka. Jiwe lililoandikwa Muganyizi ni moja tu duniani, na Mzee wa Mipaka alitaka niape kwamba si langu. Mtu mwenye kiburi hawezi, na mimi kiburi ninacho, nilikinunua kwa jasho.

Sasa nitataja kesi moja ambayo haikuchekesha, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa mwisho.

Alikuja mvuvi mmoja kutoka visiwani, si mtu wa huku, Kihaya hakijui. Jina lake Masatu. Alikuwa ameshuka Kemondo, akapanda kilimani kutembea, akaandika. Mzee akamkamata papo hapo, msumari mkononi.

“Unadai nini, mwanangu?”

“Sidai kitu, mzee wangu. Mimi naishi majini. Wenzangu watatu wamekwenda na ziwa, hawana kaburi hata moja. Nikienda na mimi, mama akija kuulizia, ataonyeshwa wapi? Nimeandika hapa ili ajue nilifika nchi kavu.”

Mzee hakutafuna hata kahawa. Kisha akafungua daftari, akasoma kwa sauti alichoandika: “Dai la Masatu. Halina mpinzani.” Akamruhusu aende zake.

Tangu siku hiyo, ngwe iliyo chini ya jiwe la Masatu ilikuwa safi masika na kiangazi. Nilimfuma Mzee mara mbili asubuhi na mapema, ameinama na lile jembe lenye uzi mwekundu. Nilipomuuliza, alisema amepoteza kisu. Na kila akiwaona wachuuzi wa samaki waliotoka visiwani, aliwauliza kama wamemwona Masatu. Wengine walisema yuko kisiwa kingine, wengine hawakumjua. Mama mtu hakuja kamwe, kwa hiyo huenda mwanawe yuko hai.

Mwaka jana akaja binti mmoja wa ofisini Bukoba, amevaa kofia pana ya jua. Alikuwa na adabu na alikuwa na haraka. Alitaka fundi mzee anayejua chokaa ya zamani, akaelekezwa kwangu, na hapo watu walisema kweli.

“Mzee, uzibe nyufa zote. Na majina yote yatolewe. Wageni wanakuja kuona historia, hawaji kuona Jovin na Jesca.”

“Yote?”

“Yote, mzee wangu.”

Nikapanda na brashi ya waya na patasi. Nilianza na Jovin, kwa raha kabisa. Nikamfuta Ali, nikamfuta Mutayabarwa, jioni nzima ikaisha kwake. Siku ya tatu, kabla sijalifikia jiwe la Masatu, nikafika kona ya mashariki. Nikapiga magoti. Patasi ikakataa. Tuseme ukweli, mkono ndio uliokataa. Nikaona nikilifuta, nimefuta kitu pekee nilichowahi kuandika. Nikiliacha, na ya wenzangu nimeyafuta, basi nimekuwa mwizi anayejilinda kwa sababu patasi ni yake. Nikaweka vifaa chini, nikaenda kwa Mzee wa Mipaka.

Alikuwa ameshakuwa mkongwe. Macho yalikuwa yamefifia, miguu imevimba, anakaa mlangoni na kuku wake wenye nyuzi. Nikapiga hodi.

“Ni nani?”

“Ni mimi, taata. Ta Fundi.”

“Aa. Kesi yako iko wazi.”

“Ndiyo maana nimekuja. Nataka ihukumiwe kesho. Ikishindikana, nalifuta kwa mkono wangu.”

Akasikiliza kwa sikio la kushoto mpaka mwisho. Kesho yake tulimpandisha kilimani kwa pikipiki, ameshika mwavuli, kigoda kimefungwa nyuma. Nilikuwepo mimi, mwenye pikipiki, na yule binti wa Bukoba aliyekuja kukagua kazi akakuta kesi. Mzee alipiga hodi mahali pasipo na mlango, akajijibu karibu, akaingia. Tukapewa kahawa, punje mbili mbili. Binti alizitazama kwanza, halafu akatafuna.

“Mdai analeta mashahidi?”

“Sina, waitu. Unajua sina.”

“Baraza linamjua mmoja.” Akainuka kwa shida, akasogea hatua tatu, akakaa juu ya jiwe lililoanguka. Sasa alikuwa shahidi. Akakiuliza kigoda kitupu kwa ile sauti yake ya baraza, “Shahidi, siku hiyo ulikuwa wapi?” Akajibu kwa sauti nyingine, ya chini, “Nilikuwa humu humu ndani ya boma, waitu.”

“Ulikuwa unafanya nini?”

“Haja, waitu.”

“Kubwa au ndogo?”

“Baraza lisiingilie.”

Binti wa Bukoba alijifunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanatikisika.

“Ukaona nini?”

“Nilimwona mtoto kwa nje, kupitia ufa. Alikuwa na madaftari ya shule kifuani, amefunga kwa kamba ya mgomba. Alichonga jina kwa msumari mpaka vidole vikatoka damu. Na alikuwa analia.”

“Sikulia!” nikasema.

“Mdai anyamaze. Shahidi, alilia kwa sauti?”

“Hapana, waitu. Alilia kwa pua. Alipomaliza, aliyaacha madaftari pale chini, akaenda zake. Niliyaokota.”

Yale madaftari nilijua yalioza na mvua.

Mzee akarudi kwenye kigoda, akawa hakimu tena. Akatoa kwenye mfuko wa koti daftari lake la majina, lile lililotutesa wote, akamkabidhi binti asome jalada, maana macho yake hayakuweza tena. Binti akasoma: “Muganyizi. Darasa la nne. Hesabu.”

“Kurasa nyingi zilikuwa tupu,” Mzee akasema. “Ningezitupa?”

Miaka yote ile ananiambia kesi iko wazi, alikuwa anaiandika ndani ya daftari langu.

“Mashahidi walitakiwa wawili,” akaendelea. “Wa kwanza ameona kwa macho. Wa pili ni daftari. Dai limekubaliwa. Jiwe moja, kona ya mashariki. Na la Masatu lilishakubaliwa zamani. Mengine yote wenyewe waliyafuta kwa jembe. Fundi akamilishe.”

Binti wa Bukoba alitazama ukuta, akanitazama mimi. Nilijua neno lake ndilo lenye mshahara. “Mzee wangu,” akamwambia Mzee wa Mipaka, “nitaandika kwamba mawe mawili yana wenyewe.”

Nilisimama nimenyooka kama ile kona. Nilitaka kutoa hotuba fupi kuhusu ushindi. Lakini Mzee alikuwa bado hajafunga baraza.

“Lilete lile,” akamwambia mwenye pikipiki, na mwenye pikipiki akafungua gunia akatoa jembe lenye uzi mwekundu. “Aliyefuta dai hupalilia mara moja, anakwenda. Mwenye mali hupalilia kila msimu mpaka anakufa. Ta Fundi, una ngwe tisa chini ya jiwe lako.”

“Waitu!”

“Na jirani yako Masatu hayupo. Mgongo wangu hauinami tena. Jirani aliyepo humsaidia asiyekuwepo. Ongeza ngwe sita.”

“Nimeshinda kesi au nimefungwa?”

“Umeshinda. Usingeshinda zingekuwa tisa tu.”

Nilivua koti, nikampa binti anishikie. Mimi, niliyejenga kutoka Kemondo mpaka huku, nikainama. Ngwe ya kwanza nikaanzia kwa Masatu, kwa sababu pale udongo ulikuwa laini, umezoea jembe. Mzee alikaa na kamba yake ya mafundo mapajani, akihesabu kwa vidole kwa kuwa macho hayakuona. Nilipofika ya tatu nikamwambia kwamba kamba yake ni ndefu mno, nyasi zina mizizi ya ajabu, na mgongo wangu unakatika.

Akageuza kichwa taratibu, akanipa sikio la kulia.